Lorbeer 06, Klabu ya Watu wa Bandari

Leo tunakwenda mbali, mpaka mji wa Hamburg katika nchi ya Ujerumani. Mwalimu, tafadhali waonyeshe wenzetu ramani ya Ulaya. Hamburg ni mji wa bandari, nao uko kando ya mto Elbe. Karibu na mto huo upo mtaa uitwao Rothenburgsort. Zamani wakazi wake wengi walikuwa watu wa bandarini na wa viwandani.

Mtaani humo palikuwa na klabu ya mpira, jina lake Lorbeer 06. Lorbeer ni mti. Hapo kale majani yake yalisukwa kuwa taji la mshindi. Tarakimu 06 maana yake mwaka 1906.

Siku zile wachezaji wa Ujerumani hawakuwa chini ya chama kimoja. Chama kikubwa kiliitwa DFB. Lakini wafanyakazi wengi walikuwa na chama chao, ATSB, ambacho asili yake ni mwaka 1893. Hawakutaka kucheza chini ya wakubwa wale wale waliowatumikisha mchana. Lorbeer ilikuwa katika chama hicho cha wafanyakazi.

Wachezaji wake walikuwa wa ridhaa. Someni neno hilo pamoja: ri-dha-a. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda, halipwi mshahara. Tena magazeti ya wafanyakazi mara nyingi hayakutaja jina la mfungaji, kwa kuwa bao lilihesabiwa kuwa la timu nzima. Mimi naona jambo hilo ni gumu. Mtu akifunga bao hupenda kusikia jina lake!

Lorbeer ilipata ubingwa wa ATSB mwaka 1929, ikaupata tena mwaka 1931. Mfungaji wake hodari alikuwa Erwin Seeler, mfanyakazi wa bandari. Mwaka 1931 wanamichezo wafanyakazi wa nchi nyingi walikutana Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko Seeler aliichezea timu ya wafanyakazi wa Ujerumani, akafunga mabao 7 katika mchezo mmoja na Hungaria. Hapo jina lake halikuweza kufichika tena.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mwaka 1932 watu kama milioni 6 Ujerumani hawakuwa na kazi. Mwaka huo huo Seeler aliiacha Lorbeer, akaenda Victoria, klabu ya Hamburg iliyokuwa katika DFB. Klabu za upande ule zilikuwa na watu wenye mali, nazo ziliweza kumsaidia mchezaji mzuri. Gazeti la wafanyakazi lilimlaumu vikali, likamhesabu kama mtu aliyewasaliti wenzake.

Ugomvi huo haukupata nafasi ya kuisha. Januari 1933 Hitler alishika serikali, na mwaka huo huo klabu za wafanyakazi zikapigwa marufuku, na mali zao zikachukuliwa. Lorbeer 06 ikafa hivyo, miaka miwili tu baada ya ubingwa wake wa pili. Waliolaumu na aliyelaumiwa, wote hawakuwa tena na klabu ya kurudia. Kisha Julai 1943 mabomu yaliunguza Rothenburgsort karibu yote.

Baada ya vita jina la Lorbeer lilichukuliwa na klabu nyingine ya mtaa huo, lakini chama cha ATSB hakikufufuka. Seeler alikuwa amehamia klabu ya HSV tangu mwaka 1938. Mwanawe, Uwe, ndiye aliyekuwa kapteni wa Ujerumani Magharibi katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1966.

Kabla ya somo lijalo, zungumzeni darasani: je, Seeler aliwasaliti wenzake, au alitafuta riziki? Kila mtu aandike mistari mitano, na aeleze sababu yake. Kwaherini.