Nchi Ipimwe kwa Mizani Gani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Siku hii chama chetu kikuu kinatimiza miaka 10. Halmashauri imeniomba nieleze hali za watu katika nchi mbalimbali: wapi maisha ni mema, na wapi mtu yu huru. Vijana wetu huulizana jambo hili kila siku, na baadhi yao wamekwisha kufunga mizigo.

Sisi ni watu wa mizani. Mkulima akileta kahawa ghalani hatosheki kuambiwa kwamba gunia lake ni jepesi. Ataka kuiona sindano kwa macho yake, tena ataka kujua mizani ilikaguliwa lini. Basi kabla ya kusema kwamba nchi hii imeipita ile, yafaa tuikague mizani.

Kwa muda mrefu mataifa yalipimwa kwa fedha tu. Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilileta kipimo kingine, kazi ya Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, aliyesaidiwa na rafiki yake Amartya Sen wa India. Kipimo hicho hutazama mambo matatu: urefu wa maisha, elimu, na pato. Ni maendeleo makubwa, na hapana sababu ya kukibeza. Walakini uhuru haumo. Mwaka 1991 ripoti hiyohiyo ilijaribu kuupima na uhuru. Serikali nyingi zilinung'unika, na kipimo hicho kikaachwa. Jambo hilo halinishangazi. Mnunuzi anayepunja hajapata kumkaribisha mkaguzi wa mizani.

Tazameni Qatar. Kwa pato la kila mtu, nchi hiyo ni miongoni mwa tajiri kabisa duniani, na watoto wa Kenya, Uganda na kwetu pia huenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Lakini mpaka mwaka 2020 mfanyakazi mgeni nchini Qatar hakuweza kubadili mwajiri bila ya idhini ya mwajiri huyohuyo. Sheria ilirekebishwa mwaka huo, na tuwape haki yao kwa hilo. Hata hivyo wageni, ambao ndio wengi wa wakazi, hawaruhusiwi kuunda chama chao cha wafanyakazi. Mshahara upo, pa kusimama na kusema ‘nimepunjwa’ ni padogo.

Mtu aweza kunijibu kwamba mwenye njaa hali uhuru. Ni kweli, na jibu hilo nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini habari za njaa zenyewe hazilithibitishi. Huko China, katika miaka ya 1959 hadi 1961, watu wengi mno walikufa kwa njaa, makumi ya mamilioni kwa hesabu za wataalamu wengi. Maafisa wa wilaya walipeleka juu taarifa za mavuno makubwa yasiyokuwako, na nafaka ikachukuliwa kwa hesabu hiyo ya uongo. Mkulima aliyejua kwamba ghala ni tupu hakuwa na mahali pa kulisema hilo, na aliyelisema aliitwa adui. Kutokana na mambo kama haya Sen alifundisha kwamba njaa kubwa haitokei katika nchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru. India, iliyopoteza watu mamilioni katika njaa ya Bengal mwaka 1943 chini ya Waingereza, haikupata tena msiba wa kiasi hicho baada ya kujitawala mwaka 1947.

Lakini Sen huyohuyo hakuificha aibu ya nchi yake. China ilitangulia kufundisha watoto wake kusoma na kupeleka tiba vijijini, na watu wake wakaishi miaka mingi kuliko Wahindi. Kura peke yake haimtibu mtoto. Ndiyo maana siwapendi wasemaji wanaochagua kimoja kati ya viwili hivi, kana kwamba mkulima ameulizwa achague jembe au mbegu.

Nchi iliyojaribu kushika vyote viwili ni ya wakulima wa kahawa wenzetu, Costa Rica. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1948 walivunja jeshi lao, na ngome ya Bellavista katika mji mkuu ikawa makumbusho ya taifa. Pato la Mmarekani ni kubwa mara kadhaa kuliko la mtu wa Costa Rica, walakini huyu wa pili hukaribia miaka 80 ya kuishi, wala hapungukiwi na Mmarekani. Na kwa kahawa yenyewe, tangu mwaka 1933 wana taasisi iliyowekwa na sheria kusimama kati ya mkulima mdogo na mwenye kiwanda. Sheria ya mwaka 1961 huweka mpaka wa faida ya kiwanda, na bei ya mwisho ya kila kiwanda hutangazwa hadharani. Hata hivyo si peponi: wachumaji wengi ni wageni kutoka Nicaragua, na Wangäbe wa Panama, na makazi yao aghalabu si ya kujivunia.

Sasa nije Denmark, ambako nataka kukaa kidogo. Nchi hiyo, ambayo leo hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kwa kukosa rushwa, ilikuwa na wakulima waliobanwa sana katika miaka ya 1870, nafaka ya bei nafuu ya Marekani na Urusi ilipoangusha soko lao. Wakageukia siagi. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, walijenga kiwanda cha maziwa cha ushirika kwa mkopo ambao wote walidhamini kwa pamoja. Faida iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta kila mtu. Bali kura ilikuwa moja kwa kila mwanachama, awe na ng'ombe 2 au 60. Wenyewe husema kwamba walihesabu vichwa vya watu, si vya ng'ombe. Kabla ya mwaka 1900 kwisha vyama vya namna hiyo vilikwisha kupita 1,000.

Angalieni tofauti. Katika uchaguzi wa bunge, watu walewale walipiga kura ya wazi, mbele ya macho ya mwenye shamba. Kura ya siri haikuja mpaka mwaka 1901, na mwaka huohuo chama cha wakulima kikashika serikali. Watu waliokwisha kuzoea kudai hesabu za siagi hawakuona ajabu kudai hesabu za nchi.

Kwetu nako tumeonja. Tume ya mwaka 1966 ilikuta katika vyama vya ushirika vya Tanzania wizi, upendeleo wa ndugu, na wanachama wasiojua hesabu zao. Hayo yalikuwa kweli. Lakini dawa iliyotolewa mwaka 1976 ilikuwa kuvivunja vyama vikuu, hata KNCU ya tangu mwaka 1933, na kuweka mamlaka za mazao mahali pake. Mkulima akabaki na mnunuzi mmoja asiyeweza kumpigia kura. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuvirudisha, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema waziwazi kwamba, kama angeanza upya, asingevivunja.

Ndugu Mwenyekiti, katika mkutano mkuu ujao kuna hoja kwamba viongozi wetu wachaguliwe kwa kura ya siri badala ya kunyoosha mikono, na kwamba hesabu zilizokaguliwa zibandikwe kwenye kila ghala siku 14 kabla ya mkutano. Wanaoipinga husema masanduku ni gharama, tena sisi ni ndugu, hatuna la kufichana. Gharama nimeiuliza kwa fundi seremala: haifiki thamani ya gunia moja la kahawa kwa kila chama. Na kuhusu undugu, mjane mwenye miche 40 hukopeshwa mbolea na mtu yuleyule anayegombea uenyekiti. Mkono wake, akiunyoosha, unaonekana.

Nitaiunga mkono hoja hiyo. Naomba jambo moja tu zaidi: siku hiyo, hoja yenyewe tuiamue kwa kura ya siri.