Mvuto wa Madaraka na Hekima ya Kuachia Kiti: Funzo la Kura ya Mlolongo

1. Maana ya mada

Madaraka ni uwezo wa kuamua mambo ya watu wengine kwa niaba yao. Uwezo huo hutolewa kwa muda na kwa masharti, na ndiyo maana husemwa kwamba cheo ni dhamana. Mvuto wa madaraka huanza pale mwenye dhamana anapoanza kuiona kuwa mali yake. Hekima ya kuyaachia ni kuirudisha kwa wenyewe kabla hawajalazimika kuinyang'anya.

Nchini Kenya neno mlolongo lina kumbukumbu mbili. Kando ya Barabara ya Mombasa, katika Kaunti ya Machakos, ni jina la mji ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa foleni ndefu za malori yaliyosubiri zamu ya kupimwa kwenye mizani. Katika historia ya siasa, ni jina la uchaguzi wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea wao. Foleni ya pili ndiyo kiini cha mada hii, kwa kuwa inaonyesha jinsi kiti kinavyomvuta aliyekikalia na gharama ya kukataa kukiacha.

2. Kwa nini kiti huvutia

Sababu ya kwanza ni faida. Katika nchi ambayo barabara, ajira, ardhi na leseni hupatikana kupitia ofisi ya mkubwa, kukosa kiti ni kukosa riziki, kwa mwenye kiti na kwa jamaa na marafiki wanaomzunguka. Ya pili ni hofu. Mtawala aliyewafunga wapinzani au kugusa mali ya umma hujua kwamba siku ya kutoka ni siku ya kuulizwa. Ya tatu ni wapambe. Kila mwenye cheo ana watu wanaoishi kwa cheo chake, nao ndio humwambia kwamba nchi haiwezi kwenda bila yeye. Mara nyingi wapambe huogopa kustaafu kwa mkubwa kuliko anavyoogopa mwenyewe.

3. Sheria kwa ajili ya mtu mmoja

Machakos ina mfano wa mapema. Paul Ngei, mmoja wa Sita wa Kapenguria waliofungwa na wakoloni pamoja na Jomo Kenyatta, alikuwa mbunge na waziri mwenye nguvu Ukambani. Mwaka 1975 mahakama ilibatilisha uchaguzi wake kwa makosa ya uchaguzi, na kwa mujibu wa sheria ya wakati huo hangeweza kugombea kwa miaka 5. Bunge likabadilisha Katiba haraka ili Rais apate uwezo wa kusamehe makosa ya aina hiyo, Ngei akasamehewa na kurudi bungeni. Hata hivyo, mwaka 1990 alipoteza kiti baada ya kutangazwa muflisi. Kiti chake kilikuwa kimenusuriwa kwa kulegeza sheria ya nchi nzima, na mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja ukabaki wazi kwa wengine.

4. Mlolongo wa 1988

Daniel arap Moi aliingia Ikulu mwaka 1978 baada ya kifo cha Kenyatta. Mwaka 1982 Kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Mwaka 1986 chama kikaamua kwamba kura za mchujo zipigwe kwa mlolongo. Wanachama wangesimama nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, wahesabiwe, na matokeo yatangazwe papo hapo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 angehesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, bila kungoja kura ya siri.

Viongozi wa makanisa walipinga mapema, kwa hoja kwamba mchungaji, mwalimu au mfanyakazi hawezi kusimama hadharani nyuma ya mwanasiasa mmoja bila kujiweka matatani na wengine. Utaratibu ulitumika hata hivyo Februari 1988. Kasoro zake zilikuwa mbili. Siri ya kura iliondoka, kwani chifu, mwajiri na jirani waliona nani kasimama wapi. Ushahidi nao uliondoka: watu wakishatawanyika hakuna karatasi ya kuhesabu upya, hivyo neno la msimamizi ndilo lililobaki. Sehemu nyingi wananchi walilalamika kwamba foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akipinga wizi katika uchaguzi wa ndani wa chama, jambo ambalo mawaziri wa wakati huo hawakulizoea.

5. Kutoka kwa shinikizo

Mlolongo ulikusudiwa kuimarisha utawala, lakini uliuchosha. Wanasiasa waliofungiwa mlango wa chama walikutana nje na wanasheria, makanisa na wanafunzi. Matiba na mwanasiasa mwenzake Charles Rubia walipodai vyama vingi mwaka 1990, waliwekwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba, maandamano ya tarehe 7 Julai. Kamati ya KANU chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini kusikiliza wananchi, na mwisho wa mwaka huo kura ya mlolongo na kanuni ya asilimia 70 zikaachwa. Novemba 1991 wafadhili walisitisha misaada mipya, na Desemba Kifungu cha 2A kikafutwa.

Kabla ya uchaguzi wa 1992 Katiba iliwekewa ukomo wa vipindi viwili vya urais vya miaka 5. Hesabu ilianza upya, hivyo Moi aligombea mwaka 1992 na 1997, lakini hakugombea 2002. Mgombea aliyemchagua, Uhuru Kenyatta, alishindwa na Mwai Kibaki. Tarehe 30 Desemba 2002, katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Moi alikabidhi madaraka mbele ya umati uliomzomea. Aliishi nyumbani kwake Kabarak akiwa mzee wa kuheshimiwa hadi alipofariki Februari 2020. Miaka 24 ya utawala wake bado inabishaniwa. Siku ile ya makabidhiano haina ubishi mkubwa.

6. Kung'atuka kwa hiari

Tanzania iliipa Afrika Mashariki neno lenyewe. Ng'atuka ni neno la Kizanaki, lugha ya kwao Mwalimu Julius Nyerere, lililoingia Kiswahili cha siasa alipoacha urais mwaka 1985 na Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi hiyo. Hakuwa mgeni wa kuacha kiti: Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa ili akakijenge chama cha TANU. Mfano huo una mipaka yake. Nyerere alitawala kwa chama kimoja na sheria ya kuweka watu kizuizini, na alibaki mwenyekiti wa chama tawala, CCM, hadi 1990. Hata hivyo hatua yake iliacha desturi: Mwinyi, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete kila mmoja aliondoka baada ya vipindi viwili.

Kwingineko ukomo ulilegezwa. Uganda iliuweka katika Katiba ya 1995, ikauondoa 2005, kisha mwaka 2017 ikaondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Burundi iliingia katika ghasia mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea kipindi cha tatu.

7. Yanayorahisisha kutoka

Kenya imejifunza mambo mawili. La kwanza ni tarehe inayojulikana. Katiba ya 2010 inaweka vipindi viwili kwa Rais na kwa gavana. Machakos, Alfred Mutua alimaliza vipindi vyake mwaka 2022, na Wavinya Ndeti, aliyekuwa ameshindwa naye mara mbili, akapata ugavana. Mpinzani anayejua kiti kitakuwa wazi ana sababu ya kungoja zamu. La pili ni maisha baada ya kiti. Sheria ya mafao ya marais wastaafu ya 2003 inatoa pensheni, ofisi na ulinzi, hivyo kuondoka si kutupwa.

Tamaa haijaisha. Mwaka 2024 muswada wa kurefusha vipindi vya uongozi kutoka miaka 5 hadi 7 ulifika Seneti, nao wananchi wakaupinga kwa wingi. Wabunge bado hawana ukomo wowote.

8. Hitimisho

Mpanda ngazi hushuka. Kinachotofautiana ni kama anashuka mwenyewe au anaangushwa. Hiari ya kiongozi mmoja ni jambo jema, lakini taifa halipaswi kuitegemea. Ukomo wa vipindi, kura ya siri na heshima kwa mstaafu ndivyo vinavyoifanya hekima ya wachache kuwa desturi ya wote. Kanuni hizo zinafaa pia kuandikwa katika katiba za vyama vya ushirika, sako za matatu, kamati za mitaa na makanisa, kwa sababu viongozi wa nchi hujifunza kukalia viti huko huko.