Mbwa Anayetafuna Mali ya Nyumbani: Mazungumzo na Wananchi wa Kibiti na Delta ya Rufiji



Tulijiandaa kuzungumza juu ya lebo za bidhaa. Hata hivyo, tangu tufike tumeulizwa zaidi habari za mbwa: mbwa aliyeguguna kiatu cha shule, mbwa aliyekata nyavu zilizoanikwa, mbwa aliyetafuna mswala. Tumeonyeshwa pia dawa ambazo watu wameuziwa ili kumkomesha: oili chafu ya kupaka kwenye miimo ya mlango, na chupa isiyo na lebo ambayo muuzaji alisema ni dawa ya mikorosho. Lebo tutazifikia. Tuanze na mbwa mwenyewe.

Mbwa hana mikono. Kinywa ndicho anachoshikia na kuchunguzia dunia. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utotoni kuanzia wiki ya tatu hivi. Akitimiza miezi mitatu au minne meno hayo huanza kung'oka, na kufikia mwezi wa saba huwa na meno 42 ya ukubwani. Katika kipindi hicho ufizi humuuma, na kutafuna humpa nafuu. Samaki mkunje angali mbichi: huo ndio wakati wa kumfundisha kipi ni chake na kipi si chake. Kitambaa kizito cha pamba, kilichofungwa fundo na kulowekwa katika maji baridi, humfaa, mradi mtu awepo na akiondoe kinapoanza kuchanika.

Mbwa mkubwa ana sababu nyingine, na wenye mashamba ya mpunga mnaijua kuliko sisi. Katika msimu, kaya huhamia shambani na kulala katika dungu. Mbwa hushinda akifukuza nyani na kukesha akibwekea nguruwe. Kazi hiyo humchosha mwili na akili. Mavuno yakiisha, kaya hurudi kijijini, na mbwa yuleyule hufungwa mnyororo chini ya mwembe kuanzia alfajiri hadi magharibi. Hana nguruwe, hana mwenzake, hana la kufanya. Baada ya wiki mbili tunasema ameharibika. Hajaharibika, amestaafishwa bila kiinua mgongo. Atembezwe asubuhi kabla ya jua kali na tena jioni. Sehemu ya chakula chake itawanywe juu ya nyasi safi ili aitafute kwa pua badala ya kuimaliza kwa mara moja. Tumbo litapata kilekile, lakini kichwa kitakuwa kimefanya kazi.

Habari ya nyavu inahitaji neno la peke yake, kwa kuwa uzi uliokatwa usiku mmoja unaweza kumweka mvuvi nchi kavu kwa siku kadhaa. Nyavu zina chumvi na harufu ya samaki. Anayezianika mahali mbwa anapofika amemwandikia karamu. Zianikwe juu, au mbwa awekwe upande mwingine. Hasara hapa si ya mvuvi pekee. Uzi wa nailoni uliomezwa huukunja utumbo na hatimaye huukata. Mkiuona mshipi ukining'inia mdomoni au nyuma ya mbwa, msiuvute. Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Vilevile bunju anayetupwa ufukweni ni sumu kwa mbwa kama alivyo kwa binadamu, hata akikauka. Afukiwe chini.

Wengi wenu mnafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayoondolewa kwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwenu mswala uliotafunwa si hasara ya fedha tu. Hakuna neno katika ushauri wetu linalomtaka mbwa aingie ndani. Ua mdogo wa fito wenye kivuli na maji unatosha, na unamfaa kuliko mnyororo. (Fito za mikoko zinahitaji kibali, tusijifanye tumesahau.)

Kumpiga mbwa saa moja baada ya kosa hakumfundishi kitu. Yeye huunganisha adhabu na lile alilokuwa akilifanya wakati ule ule, na mara nyingi alikuwa akikupokea kwa mkia. Ukimnyang'anya kitu kwa nguvu, kesho atakimbia nacho au atakuuma. Mpe kipande cha samaki asiye na miiba, achie kiatu, kisha umpe kilicho chake. Mnaonunua mipira ya kutafuna mjini, chagueni iliyo mikubwa kuliko kinywa chake. Ubonyezeni kwa ukucha: usipoingia hata kidogo, mpira huo utavunja meno. Kifuu kina hatari hiyo hiyo. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha; msiwape.

Sasa ile chupa. Oili chafu mbwa huiramba, nayo humdhuru. Kiuatilifu kilichopakwa mlangoni kinaweza kumuua mbwa, na mtoto anayetambaa hushika mlango huo huo. Kiuatilifu halali huuzwa katika chombo chake chenye lebo inayotaja jina, namna ya kukitumia, tarehe ya mwisho na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kilichomiminwa katika chupa ya soda hakina sifa hata moja kati ya hizo. Mnayo haki ya kukikataa, na tunaomba mtuletee taarifa za muuzaji.

Jambo la mwisho tunaliogopa kuliko yote. Mbwa mtulivu akianza ghafla kuuma miti, mawe au mnyororo wake, akitokwa na mate mengi, sauti ikibadilika au taya likilegea, msidhani ni utundu, wala msitie mkono kinywani mwake mkitafuta mfupa uliokwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kaeni mbali naye, watoto waondolewe, na ofisa mifugo aitwe. Aliyeumwa au aliyeguswa na mate penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo ili aanze chanjo, hata kama ni kusubiri maji yajae mtumbwi upite. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kama mtaalamu atakavyoelekeza. Chanjo hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, na safari ya boti kutoka Nyamisati kwenda vijiji vya Delta ni ndefu na ya jua. Kabla ya kulipa, ombeni kuona boksi la barafu, someni tarehe kwenye kichupa, na mdai kadi yenye tarehe na sahihi ya mchanjaji. Kichupa kikitolewa mfukoni mwa shati, msilipe.