Leta naye afungue daftari

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa kartie Rugenge, Uvira, mwezi wa tisa 2024

  

Sitasema mengi, jua ni kali. Nataka kuzungumza juu ya kitu kimoja tu: daftari.

Nyumbani kwetu mama ana daftari ya mutoto wa primere. Kila jioni anaandika: unga, ndagala, makala, sabuni, maji, unite za simu. Nilipomaliza univerzite nilirudi nyumbani na diplome, kazi hakuna, nikawa ninamuomba feza za mega ili nitume barua za kuomba kazi. Siku moja nikaomba mara ya pili mu wiki moja. Mama hakukasirika. Alifungua daftari, akaniuliza: «Papa, zile za siku ya kwanza zilifanya nini?» Nikakosa jibu. Nilikuwa nimeangalia mupira.

Munacheka, lakini ile swali njo swali yetu ya leo. Mu Rugenge hii hakuna mama anayetoa feza mara ya pili bila kuuliza zile za kwanza zilienda wapi. Hata mwenye duka anayetukopesha anauliza. Ni Leta peke yake anatuomba kila siku, na sisi tunaogopa kumuuliza.

Wiki hii Kinshasa wamefungua session ya Septemba. Katiba inasema session hiyo inaanza tarehe 15 Septemba na inafungwa tarehe 15 Desemba. Kazi yake kubwa ni bajeti. Serkali inaleta mupango wa mwaka kesho: itaingiza ngapi, itatoa ngapi, kwa kazi gani. Wadepite 500, kisha wasenateri, wanaichunguza na kuipigia kura. Bajeti ya mwaka huu wa 2024 iko karibu ya dola miliari 16. Tunasikia ile namba ku redio, tunasema «feza mingi kweli», kisha kila mutu anarudi ku mambo yake.

Lakini bajeti ni mupango tu. Ni kama mama kusema asubuhi: leo tutakula samaki. Jioni unaweza kukuta sombe peke yake. Ili tujue kitu gani kiliingia kweli mu sufuria, Katiba iliweka kazi ya pili, mu artikle 173. Kila mwaka Cour des comptes inapaswa kuletea Bunge hesabu ya jumla ya Jamhuri pamoja na maoni yake, na Bunge linapigia kura sheria ya kufunga ile hesabu. Njo pale daftari inafunguliwa. Njo pale depite anaweza kusema: mulituomba feza za barabara, tukawapatia, barabara iko wapi?

Sasa nawauliza. Nani kati yenu amewahi kumusikia depite anakuja huku kartie kutueleza hesabu ya mwaka uliopita? Si bajeti ya mwaka kesho, hapana, hesabu ya mwaka uliopita. Nyoosha mukono. Sioni mukono hata moja.

Kuna watu watasema: haya ni mambo ya Kinshasa, sisi tunatafuta chakula. Basi tuongee juu ya simu yako.

Munakumbuka RAM? Ilianza mwaka 2020. Unaingiza unite, kabla hujapiga simu wanakata. Kwa simu ya 3G ao 4G ilikuwa kama dola moja kwa mwaka, wanaikata kidogo kidogo. Mutu wa mushahara mukubwa hasikii dola moja. Lakini mama anayeweka unite kidogo ili aulize mutoto kama amefika salama, yeye alisikia. RAM haikutoka mu sheria iliyopigiwa kura na Bunge, ilitoka mu dekre ya serkali. Na Katiba, artikle 174, inasema hakuna kodi bila sheria. Waziri alijibu kwamba RAM si kodi, ni malipo ya kazi fulani. Sawa. Lakini ku simu yako ilikuwa na jina gani? Ilikuwa na jina moja tu: imeisha.

Watu walilalamika muda murefu. Kisha mu session ya Septemba 2021, Claude Misare, depite aliyechaguliwa hapa kwetu Uvira, akamuitisha waziri Augustin Kibassa mbele ya Bunge kwa swali la mudomo lenye mujadala. Ile siku nchi yote ilifuata. Wadepite wa kila upande walikuwa moto, juu hata wapiga kura wao walikuwa wanakatwa. Mwanzoni mwa 2022 RAM ikaondolewa.

Sisemi ili tumusifu mutu. Nasema ili tuone njia. Artikle 138 ya Katiba inapatia depite vyombo vya kazi: swali la kuandika, swali la mudomo, kumuita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi. Vyombo viko. Na siku chombo kimoja kilitumiwa, huku nyuma kukiwa raia wenye hasira na wanaojua wanataka nini, kitu kilichokuwa kinatoka mu mufuko yetu kiliacha kutoka.

Lakini RAM ilikufa bila daftari kufunguliwa mbele yetu. Sisi tuliokatwa hakuna aliyekuja hapa kutuambia: mulitoa ngapi, zikafanya kazi hii na hii. Tulishangilia tukaenda kulala. Pale tulikosea. Mama yangu asingelala.

Tuje sasa ku ile inatuuma zaidi hapa Uvira. Kila siku tunaona magari yanapita ku Kavimvira yakitoka Burundi. Tunaona mabwato ku bandari ya Kalundu. Kila muzigo unalipa. Katiba, artikle 175, inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na inasema zizuiliwe palepale zinapoingia, mbele ya kwenda Kinshasa. Ile ni Katiba ya 2006. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule ameisha kuwa na miaka 18, anaweza kupiga kura, lakini majimbo hayajapata 40% kamili. Feza zinapanda zote Kinshasa, kisha jimbo linasubiri zirudi, kama vile mutu anaomba mukopo wa feza yake mwenyewe.

Na musifikiri ile pengo haina sura. Katikati ya mwezi wa nne 2020 muto Mulongwe ulitoka njia yake. Watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Nani alilipa? Familia zililipa. Mutu alilipa nyumba mara ya pili, masufuria mara ya pili, minervale ya watoto mara ya pili. Leta asipoweka feza ku kingo za muto, haina maana kazi haina bei. Bei yake inahamia mu daftari ya mama. Ni vile vile na maji: bomba isipofika kwako, unanunua bidon kwa bidon, ao unateka ziwani unalipa kwa kolera. Kila kitu bajeti inaruka, sisi tunakilipa.

Ndiyo maana hatutaki tu kulalamika. Tunataka kufanya kitu kimoja kinachowezekana. Artikle 27 ya Katiba inasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kupelekea mamlaka petisyo, na mamlaka inapaswa kujibu mu miezi mitatu. Inasema tena kwamba hakuna mutu anayeweza kushitakiwa juu alifanya vile. Kwa hiyo mama, usiogope kuandika jina lako.

Petisyo yetu itakuwa na maswali matatu, tutaipelekea Bunge na wadepite wote wa Uvira, wa taifa na wa jimbo.

La kwanza: feza zote za RAM ziliingia ngapi, na zilifanya nini?

La pili: mwaka 2023 Kivu Kusini ilipaswa kupata ngapi, ilipata ngapi, na Uvira ilionja ngapi?

La tatu: tangu 2020, bajeti iliandika ngapi kwa kingo za mito ya Uvira, na ngapi ilitoka kweli?

Hatuombi feza. Tunaomba namba. Tukipeleka mwisho wa mwezi huu, miezi mitatu itaisha mwisho wa Desemba, wakati session imefungwa na wadepite wanarudi huku kwa vakansi. Watatukuta tunawasubiri na karatasi mu mukono.

Neno la mwisho ni kwetu sisi vijana. Wakati wa kampeni mwaka jana wengine kati yetu walivaa tishati, wakapewa ya soda, wakaimba. Mimi simuhukumu mutu, njaa ninaijua. Lakini mutu aliyekununua kwa soda anasema ameisha kukulipa. Ukimuuliza hesabu atakuambia: wewe tulimalizana. Ndiyo sababu siku nyingine tukatae ile soda.

Karatasi za petisyo ziko hapa mbele, na kalamu ziko. Soma mbele ya kutia saini. Asiyejua kusoma, jirani amusomee pole pole, neno kwa neno, na asiyeelewa aulize. Tumekuja hapa kujifunza kuuliza, basi tuanzie hapa kwetu: hata ya kalamu na fotokopi tuliyochangishana, hesabu yake imebandikwa ku ukuta pale. Muende muangalie.