Mchezo wa Mtu Mmoja

Hotuba ya mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nilipoombwa kuzungumza, nadhani ilitazamiwa niseme juu ya kazi za serikali. Mniwie radhi. Serikalini nakaa siku tano kila juma, zinatosha. Leo nataka kusema juu ya mchezo wa kuigiza unaochezwa na mtu mmoja tu, na juu ya kosa langu katika jambo hilo.

Mwaka 2013 nilikuwa Uskoti kwa masomo ya shahada ya pili, na mwezi Agosti nikaenda kutembea Edinburgh. Mji ule una tamasha kubwa la sanaa lililoanzishwa mwaka 1947, vita vilipokwisha. Mwaka ule ule wa kwanza vikundi vinane vya michezo ambavyo havikualikwa vilifika hivyo hivyo, vikajitafutia kumbi, vikacheza. Mwaka uliofuata mwandishi mmoja, Robert Kemp, akaandika juu ya hao wa pembeni kwa neno ‘Fringe’, yaani pindo, na jina likashika. Aliyewahi kuitazama kanga anajua kuwa pindo huuzunguka mji wa nguo. Basi kule Edinburgh pindo limekuwa kubwa kuliko mji: mwaka 2019 maonyesho ya pindoni yalizidi 3,000 katika Agosti moja.

Kilichonishangaza mimi, mtu niliyelelewa na kamati, ni kwamba hakuna kamati ya kuchuja. Chama kinachosimamia mambo kiliundwa mwaka 1958. Kinatoa ratiba na kuuza tiketi, lakini hakimwambii mtu kuwa mchezo wake haufai. Aliyepata chumba anacheza, na chumba chenyewe chaweza kuwa orofa ya baa, darasa, kanisa, au ghala la mawe chini ya daraja.

Lakini msidhani mlango ulio wazi hauna gharama. Chumba hulipiwa, malazi ya Agosti ni ghali mno, na chumba kimoja hupokea michezo mingi kwa siku, kila mmoja kama saa moja, na katikati dakika chache tu za kutoa vyombo vya huyu na kuingiza vya yule. Pigeni hesabu ya waigizaji kumi: nauli kumi, vitanda kumi, matumbo kumi. Kisha pigeni ya mtu mmoja na kiti chake. Ndiyo maana wachezaji wa peke yao wamejaa kule. Wapo waliojaribu kuupunguza mzigo. Mwaka 1996 Peter Buckley Hill alianzisha utaratibu wa wachezaji kutolipia chumba, na watazamaji kutia fedha ndooni wakati wa kutoka. Na huko Edmonton, Kanada, ambako tamasha la namna hii lilianza mwaka 1982, wachezaji hupatikana kwa bahati nasibu, na fedha ya tiketi huwaendea wao.

Agosti ile ile ya 2013 Phoebe Waller-Bridge alikuwa mjini akicheza Fleabag, peke yake na kiti kimoja. Mwaka 2016 mchezo huo ukawa wa televisheni, na mwaka 2019 ukapata tuzo za Emmy kule Marekani. Ningependa kujisifu kuwa nilikuwapo, lakini hata jina lake sikuwa nimelisikia.

Mimi nilimwona mama mmoja wa makamo, katika chumba cha chini chenye viti kama arobaini. Watazamaji tulikuwa wanne. Alicheza baba yake mgonjwa, muuguzi, na yeye mwenyewe. Hakubadili nguo. Akitaka kuwa baba aliinamisha bega la kushoto, akitaka kuwa muuguzi alikunja mikono kifuani. Baada ya dakika kumi sikuhitaji tena kulitazama bega, baba alikuwapo. Nilijizuia hata kukohoa, maana mimi nilikuwa robo ya umma. Alicheza saa nzima asipunguze kitu. Kesho yake nikamkuta barabarani katika mvua akigawa vikaratasi kwa wapita njia. Nikamwuliza kwa nini jana hakuahirisha. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kipuuzi, akasema kwamba wanne nao walikuwa wamekuja.

Nikarudi chumbani kwangu nikimkumbuka mwenzetu mmoja wa hapa. Wa darasa langu mnamjua. Taa zikishazimwa alisimama juu ya sanduku lake la bati, na kwa tochi moja alikuwa mwalimu wa zamu, mpishi, mzee aliyekuja kudai mbuzi wake, na mbuzi mwenyewe. Bweni la pili walivuka uwanja kwa kunyata ili waje wasikie. Siku ya wazazi ilipokaribia akaleta jina lake. Kamati ya burudani ikaamua kuwa mchezo wa mtu mmoja si mchezo, bali ni utani. Katibu wa kamati ile nilikuwa mimi. Nililipiga jina mstari kwa rula, nikaona nimefanya kazi safi. Hakuleta jina tena, wala sanduku hakulipanda tena. Leo amekaa safu ya nyuma, na anajua namsema yeye. Kaka, nimechelewa miaka mingi, lakini nakuomba radhi mbele ya wote.

Nimeelezwa kuwa mwaka huu kikundi cha maigizo cha shule kimevunjika kwa kukosa nauli na mavazi ya vijana ishirini. Basi Mkuu wa Shule amekubali tuwe na jioni moja mwishoni mwa muhula huu, katika bwalo, dakika ishirini kwa kila mchezaji. Chama chetu kitanunua taa mbili. Kiti kipo. Majina yapokewe na kiranja wa burudani kwa kufuata waliotangulia kufika, bila kuchuja, na rula asipewe. Jina la kwanza nimeliandika mimi asubuhi hii, nalo ni la bwana yule wa nyuma, ambaye bado sijamwuliza.