Hewa na Joto Katika Hesabu Moja



Mwaka 2007 jiji la San Francisco lilipata jengo jipya la ofisi za serikali ya Marekani, lenye ghorofa 18. Msanifu wake, Thom Mayne, aliufanya mnara uwe mwembamba ili upepo wa baharini uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Ghorofa za juu hupoozwa kwa upepo. Usiku kompyuta hufungua madirisha, hewa baridi hupita chini ya dari za zege, na kesho yake zege lililopoa hunyonya joto la mchana.

Nani alithubutu kuamini kwamba upepo utatosha? Waliopiga hesabu.

Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley waliunganisha EnergyPlus, programu inayokokotoa joto la jengo, na COMIS, inayokokotoa hewa inayopita madirishani na kwenye nyufa. Joto husukuma hewa, na hewa nayo hubeba joto. Programu moja ikikisia hewa na nyingine ikikisia joto, zote hupotoka. Zikipeana majibu hatua kwa hatua, hukaribia ukweli. Hapo ikaonekana kuwa upepo wa usiku ungetosha karibu siku zote za mwaka wa kawaida.

Hata hivyo, watu walipohamia, baadhi ya wafanyakazi walilalamikia joto na mwanga mkali. Programu hulihesabu dirisha lililo wazi; haimwoni mtu anayelifunga kwa sababu karatasi zake zinapeperuka.

Wala majibu ya San Francisco hayahamishiki Dar es Salaam. Kule usiku huwa na baridi. Dar, mwezi Februari, usiku huzunguka nyuzi 25 na hewa imejaa unyevu, hivyo zege halipoi vya kutosha. Hapa kivuli na upepo unaomgusa mtu alipokaa vina uzito zaidi, na jengo la vioo lililozibwa kila upande humwachia mpangaji bili ya umeme.

Wahitimu wa uhandisi na usanifu majengo, mkikabidhiwa mchoro, hesabuni hewa na joto pamoja kabla msingi haujachimbwa, tena kwa takwimu za hali ya hewa za mji huohuo. Jengo likishatumika mwaka mmoja, rudini na vipimajoto, mwaulize wanaoshinda humo.