Siri ya Nyumba ni Amana



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu, nanyi wanafunzi mnaotusikiliza, twazungumza nanyi kutoka Kanoni, wilayani Karagwe. Katika Sura ya Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Tuuzingatie mpango huo: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno ya nyuma ya mgongo. Wala makatazo hayo hayakumtenga mtawala na raia.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.), akizunguka Madina usiku, aliingiwa na shaka juu ya nyumba moja, akapanda ukuta, akamkuta mwenyewe katika maasi. Mtu yule akamwambia kuwa, ikiwa yeye ametenda kosa moja, Khalifa ametenda matatu: amepeleleza, amepita ukutani badala ya mlangoni, na hakubisha hodi. Umar akamwacha. Hakudai kwamba dola ina sheria yake mbali na sheria ya Mwenyezi Mungu.

Hatusemi kwamba nchi isijilinde. Mkoa wetu huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, nasi twaijua thamani ya ulinzi. Lakini tumtazame huyo huyo Amin. Alikuwa na idara ya upelelezi iliyoitwa State Research Bureau, makao yake Nakasero, Kampala. Watu walichukuliwa wasirudi, na jirani akamwogopa jirani. Je, masikio yote yale yaliuokoa utawala wake? Aprili 1979 Kampala ilitekwa naye akakimbia. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza: mtawala anayetegeza sikio kila mlangoni husikia minong'ono, asisikie ukweli, kwa kuwa hakuna tena anayethubutu kumwambia.

Wala tusiyatazame ya jirani tukasahau ya kwetu. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 iliruhusu mtu afungiwe bila ya kuhukumiwa, na Tume ya Jaji Nyalali, katika taarifa yake ya mwaka 1992, iliitaja miongoni mwa sheria 40 kandamizi. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu. Hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa dhamana ilikuwa yake. Hivyo ndivyo amana inavyobebwa.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Leo siri zetu zimo katika simu, na laini husajiliwa kwa alama za vidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka mipaka kwa wanaozikusanya. Mipaka hiyo tuijue, tuidai kwa adabu na bila ya woga.

Enyi mliopewa dhamana ya usalama, Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba kiongozi anayewaandama watu kwa shaka huwaharibu. Mkihitaji kuingia, ingieni kwa mlango wa sheria. Nanyi majirani, msiugeuze ugomvi wa mpaka wa kibanja kuwa taarifa ya siri kwa wakubwa. Neno moja la chuki laweza kumtoa baba nyumbani usiku, na watoto wakabaki wakiuliza. Enyi wanafunzi, msiifungue simu ya mwenzenu wala kueneza barua yake; mdogo anayezoea kuchungulia ndiye mkubwa atakayepanda ukuta.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu, wape viongozi wetu uadilifu, na uzijaalie nyumba zetu amani. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.